Kipimo cha IgE kiko juu lakini sidhuriki: nani hasa anayeiamuru seli imwage histamini?

#1 Kipimajoto

Wakuu, salaam.

Nilipima damu, IgE (kingamwili ya mzio) dhidi ya kamba wa baharini ikaja juu sana. Daktari akaitazama karatasi, hakuniuliza lolote, akasema "kamba basi maishani." Tatizo ni kwamba nimekula kamba tangu napata akili na sijawahi hata kujikuna. Mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye kipimo chake kiko chini ya changu, akionja tu midomo inavimba na sauti inakauka.

Nikaanza kusoma. Nilichoelewa ni kwamba IgE yenyewe haifanyi kitu, imekaa tu juu ya seli ya masti (seli ya kinga yenye vifuko vya histamini, kemikali ya mwasho na uvimbe). Kazi yote ya kuamua seli ipasuke imwage histamini au itulie hufanywa na vimeng'enya vya ndani. Kwa hiyo dai langu ni hili: kupima IgE bila kupima vimeng'enya ni kutoboa watu mishipa bure. Wanapima kitu kisicho na uamuzi wowote.

Wajuzi mje mnikosoe. Nawasilisha.

#2 Msindikizaji

Nimevuta kiti. Endeleeni.

#3 Maabara_Usiku

Mkuu Kipimajoto, swali zuri, dai limezidi kidogo. Kwanza seli ya masti haipasuki. Inamwaga vifuko vyake nje na yenyewe inabaki hai, kisha inavijaza upya taratibu. Wengi wanadhani inakufa, haifi.

Sasa mnyororo wenyewe. IgE imeshikwa na kipokezi kiitwacho FcεRI. Kina minyororo minne: alfa inayoishika IgE kwa nje, beta mmoja, na gamma wawili ambao mikia yao imening'inia ndani ya seli. Kichochezi cha mzio kikifika, lazima kiunganishe IgE mbili au zaidi kwa pamoja. Kikishika moja peke yake hakuna kinachotokea. Vipokezi vikishasogezwa pamoja, kimeng'enya kiitwacho Lyn kinabandika fosfeti kwenye tairosini (aina ya asidi amino) za ile mikia. Hizo fosfeti ndizo zinazompa Syk, kimeng'enya kingine, mahali pa kutua. Syk ana sehemu mbili za kushikia, anazishika fosfeti mbili kwa mpigo, anaamka, naye anaanza kubandika fosfeti kwa wengine, hasa protini ya LAT iliyo kwenye utando.

LAT inakusanya kundi, na ndani ya kundi yumo kimeng'enya fosfolipasi C gamma. Huyu anakata mafuta ya utando yaitwayo PIP2 vipande viwili. Kipande cha IP3 kinakwenda kufungua ghala la kalsiamu ndani ya seli, na kipande cha DAG kinabaki kwenye utando kumwamsha kimeng'enya kinasi C. Ghala likipungua, protini ya STIM1 inahisi, inaita mlango wa ORAI1 ufunguke, kalsiamu ya nje inaingia kwa wingi, vifuko vinaungana na utando na kumwaga. Yote hayo ni suala la sekunde hadi dakika chache.

Kwa hiyo ndiyo, vimeng'enya vinafanya kazi kubwa. Ila bila IgE kuunganishwa hapo juu, Lyn hana pa kuanzia. Ukisema IgE haina uamuzi umeruka hatua.

#4 Mbishi_Halali

Kwa hiyo bosi ni Syk. Uzi ufungwe.

#5 Chafya

Mbishi usifunge, mimi nina langu. Nameza antihistamini kila msimu, mwasho unaisha, chafya zinapungua, lakini pua inabaki imeziba kama kawaida. Kama seli imezuiwa isimwage, hii pua inazibwa na nani?

#6 Dokta_wa_Zamu

Chafya (jina lako nalo!), antihistamini haizuii seli kumwaga. Inakaa kwenye kipokezi cha H1 upande wa pili, kwenye mishipa ya damu na ya fahamu, ili histamini ikifika ikose pa kushika. Seli imeshamwaga kila kitu.

Na haikumwaga histamini peke yake. Ile kalsiamu aliyoieleza Maabara_Usiku kwenye #3 inaamsha pia fosfolipasi A2, ambayo inachomoa asidi ya arakidoniki kwenye utando. Hapo njia zinagawanyika. Vimeng'enya vya COX vinaipeleka kwenye prostaglandini, na 5-lipoksijenasi inaipeleka kwenye lukotrini. Lukotrini ndizo mabingwa wa kuziba pua na kubana mirija ya mapafu, na antihistamini haizigusi. Dawa ya montelukast inazizuia kwenye kipokezi chao. Steroidi ya kupuliza puani ndiyo huwa inasaidia zaidi kwa kuziba kwa pua, ila inataka uvumilivu, si dawa ya papo hapo.

Kuna watu wenye pumu wakimeza aspirini wanabanwa kifua vibaya. Aspirini inafunga njia ya COX, mizani inaelemea upande wa lukotrini. Kwa hao, kimeng'enya kimoja kikizibwa mwenzake anashangilia.

#7 BintiPumu

Dokta hapo kwenye aspirini umenigusa. Mimi ni mmoja wao. Ilichukua muda mrefu mtu yeyote kuunganisha vidonge vya kichwa na kifua changu, kila mara nilikuwa naambiwa ni vumbi.

#8 Shamba_la_Bibi

Wakuu mbona mnazunguka? Kuna kimeng'enya kinauzwa vidonge kinaitwa DAO. Kinakula histamini yote mwilini. Mzio unaisha, hakuna haja ya Syk wala nani.

#9 Maabara_Usiku

Shamba_la_Bibi, taratibu. DAO ni kimeng'enya cha kweli na kweli kinavunja histamini. Lakini ukikimeza kinafanya kazi ndani ya utumbo, kwenye histamini iliyokuja na chakula. Histamini inayomwagwa na seli za masti kwenye ngozi, puani au kwenye mapafu haipiti hapo. Na ndani ya seli za mwili histamini inavunjwa zaidi na mwingine, HNMT. Mtu anayevimba koo kwa sababu ya karanga ukimpa kidonge cha DAO umempa cha kushika mkononi tu.

#10 Shamba_la_Bibi

Sawa nimesikia. Lakini mimi kilinisaidia tumbo.

#11 Dokta_wa_Zamu

Tumbo si koo, mama. Tusichanganye.

Na kwa kuwa tumefika hapo niliseme moja kwa moja: anayevimba koo, anayebanwa pumzi au anayelegea presha baada ya kula kitu au kuumwa na mdudu, dawa ya kwanza ni adrenalini, sindano ya msuli kwenye paja upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, mtu mzima isizidi 0.5. Inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Antihistamini na steroidi huja baadaye.

Wapenzi wa vimeng'enya, hata adrenalini mtaipenda. Ikishika kipokezi cha beta 2 inaamsha kimeng'enya cha adenili saiklasi, cAMP (mjumbe wa ndani ya seli) inapanda, na cAMP ikipanda ndani ya seli ya masti umwagaji unapungua. Wakati huohuo inabana mishipa ya damu na kulegeza mirija ya mapafu.

#12 Mbishi_Halali

Narudi kwenye hoja yangu ya #4. Nimesoma kwamba kuna watu ambao basofili zao (hizi ni binamu wa seli za masti, zinatembea kwenye damu) zina IgE na vipokezi vya kutosha, lakini ukiziunganisha hazimwagi kitu. Zilipochunguzwa zikakutwa hazina Syk ya kutosha. Watafiti wanawaita wasiomwaga. Si ndiyo hali ya Kipimajoto hiyo? IgE juu, Syk chini, kamba anakula kwa raha zake. Bosi ni Syk.

#13 Kipimajoto

Mbishi, umeniwakilisha. Ndicho nilichomaanisha #1.

#14 Kijiji_cha_Protini

Ngojeni kwanza, msishangilie. Mmesahau wanaozima.

Kinasi zinabandika fosfeti, fosfatasi zinazibandua. Ndani ya seli ileile kuna SHIP-1, ambaye anaondoa fosfeti moja kwenye bidhaa ya PI3K (kinasi wa mafuta ya utando) na kuipoza njia nzima. Kuna SHP-1 naye anabandua kwenye protini. Majaribio ya panya yanaeleza vizuri: seli za masti za panya walionyimwa SHIP zilimwaga kwa IgE peke yake, bila kichochezi chochote. Tafakari hiyo. Maana yake seli yenye IgE haijalala, imezuiwa. Muda wote kuna kimeng'enya kinachokanyaga breki.

Na Lyn mnayemsifu kuwa ndiye mwanzilishi ana sura mbili. Anaanzisha kwa kubandika fosfeti kwenye mikia ya kipokezi, lakini yeye huyohuyo anaandaa wazimaji. Kuna kinasi mwingine, Fyn, anayeingia kwa njia ya protini ya Gab2 na PI3K kusukuma umwagaji, na Lyn anaonekana kumbana. Panya wasio na Lyn walitoa matokeo yanayogongana: kwingine umwagaji ulipungua, kwingine ukaongezeka, na sehemu ya tofauti hiyo ilitegemea ukoo wa panya waliotumika. Bosi gani huyo anayebadilika kwa ukoo?

Kuna jambo jingine ambalo wa maabara wanalijua kwa macho. Ukiongeza kichochezi kidogo kidogo kwenye chupa ya seli, umwagaji unapanda, unafika kileleni, halafu ukizidisha kichochezi unashuka. Mchoro wake una umbo la kengele. SHIP anatajwa sana kwenye ule upande wa kushuka.

Kwa hiyo Kipimajoto anaweza kuwa na Syk tele, ila wazimaji wake wana nguvu.

#15 Mbishi_Halali

Panya, panya, panya. Kipimajoto si panya.

#16 Kijiji_cha_Protini

Haya, binadamu. Kipokezi cha FcγRIIB kinashika IgG, kingamwili ya aina nyingine. Kichochezi kikishikwa na IgE na IgG kwa pamoja, kipokezi hicho kinavutwa karibu na FcεRI, mkia wake unamleta SHIP pale pale, mambo yanapoa. Watu wanaopewa kichochezi kidogo kidogo kama tiba wanapata IgG4 (aina moja ya IgG) nyingi, na mojawapo ya maelezo ya kwa nini tiba ile inafanya kazi ni hilo. Jingine ni kwamba IgG4 inakinyakua kichochezi kabla hakijaifikia IgE. Mtu aliyekula kamba tangu utoto bila kuacha anaweza kuwa na IgG4 za kutosha.

#17 Nyaraka_za_Kale

Mimi ni wa historia, niruhusuni kidogo. Mwaka 1921 watafiti Prausnitz na Küstner walifanya jaribio ambalo leo kamati ya maadili isingelipitisha. Küstner alikuwa na mzio wa samaki, Prausnitz hakuwa nao. Wakachukua majimaji ya damu ya Küstner, wakayachoma kwenye ngozi ya Prausnitz, kisha wakaweka dondoo ya samaki palepale. Ngozi ikavimba. Mtu asiye na mzio wa samaki akawa nao kwenye sehemu moja ya ngozi.

Kilichohamishwa ni kitu cha kwenye damu, vimeng'enya vya Küstner vilibaki kwake. Kitu hicho kilikaa bila kujulikana hadi miaka ya 1966 na 1967, pale Kimishige na Teruko Ishizaka kule Marekani, na Johansson na Bennich kule Uswidi, walipokipata kila upande kwa njia yake. WHO ikakipa jina la IgE mwaka 1968.

Kwa hiyo ndugu Kipimajoto, ushahidi wa zamani kabisa uko upande wa IgE.

#18 Kipimajoto

Nyaraka, asante, hii sikuijua. Lakini soma upya jaribio lako. Majimaji yale yalichomwa kwenye ngozi ya nani? Ya Prausnitz. Seli zake ndizo zilizomwaga, kwa vimeng'enya vyake yeye. Kama angekuwa mmoja wa wasiomwaga wa #12, leo tungekuwa na historia nyingine.

#19 Nyaraka_za_Kale

Hapo umenibana. Ingawa wasiomwaga wa #12 ni habari ya basofili, na ngozi ina seli za masti.

#20 Dokta_wa_Zamu

Nyaraka kasema jambo ambalo Mbishi alilipita haraka. Basofili kukosa Syk haina maana seli za masti za mtu huyohuyo zimeikosa. Basofili inaishi siku chache, seli ya masti inakaa kwenye tishu miezi na zaidi.

Na kuna ushahidi mwingine wa upande wa IgE, wa siku hizi. Dawa ya omalizumab inaishika IgE iliyo huru kwenye damu, haimgusi Syk wala Lyn. Marekani iliidhinishwa mwaka 2003 kwa pumu, na Februari 2024 kwa mzio wa vyakula. Kwenye utafiti uliofungua mlango huo, asilimia 67 ya waliochomwa dawa waliweza kuvumilia miligramu 600 au zaidi za protini ya karanga, dhidi ya asilimia 7 ya waliochomwa sindano tupu. IgE ikipungua hata vipokezi vinapungua juu ya seli. Kama IgE ingekuwa pambo, dawa hii isingefanya kitu.

#21 Mbishi_Halali

Asilimia 67 si 100. Wale 33?

#22 Dokta_wa_Zamu

Wale 33 ndio wanaotufanya tuendelee na kazi.

#23 Vumbi_Jeupe

Nyote mmeanzia katikati. Mnaulizana nani anaiamuru seli, hamuulizi IgE ilitengenezwa kwa nini. Na huko mwanzo pia kuna vimeng'enya, ila vya mgeni.

Utitiri wa vumbi la nyumbani una kichochezi kinaitwa Der p 1. Chenyewe ni proteasi, kimeng'enya cha kukata protini, mdudu anakitumia kumeng'enya chakula na kinatoka na kinyesi chake. Kikitua kwenye utando wa njia ya hewa kinakata protini zinazobana seli na seli, kinajipenyeza. Seli za utando zikijeruhiwa zinatoa IL-33 (protini ya kupeleka ishara kwa kinga), na proteasi za namna hii zinaikata IL-33 ikawa kali zaidi. IL-33 inaamsha seli za kinga za ILC2, hizo zinamwaga ishara nyingine, IL-5 na IL-13, mwili unaelekea upande wa mzio. Papaini, kimeng'enya cha papai, kinafanya kitu kinachofanana na hicho kwenye mapafu ya panya (samahani Mbishi).

Mfano wa binadamu upo. Miaka ya 1960 viwanda vilianza kutia proteasi za bakteria aina ya Bacillus subtilis kwenye sabuni za unga. Mwaka 1969 jarida la Lancet likachapisha taarifa ya wafanyakazi wa kiwandani Uingereza waliougua mapafu kwa kuvuta unga ule. Baadaye kimeng'enya kikaanza kufunikwa ndani ya punje ili kisipeperuke, hali ikatulia sana.

#24 BintiPumu

Vumbi_Jeupe, inamaana kila kichochezi ni kimeng'enya?

#25 Vumbi_Jeupe

Hapana. Vichochezi vikuu vya karanga ni protini za akiba za mbegu, havikati chochote. Cha kamba ni tropomaiosini, protini ya msuli.

Na hapo ndipo nataka kumshika Kipimajoto. Tropomaiosini ya kamba inafanana sana na ya utitiri na ya mende. Mtu aliyezoea kuvuta vumbi lenye utitiri anaweza kutengeneza IgE dhidi ya tropomaiosini ya utitiri, na kipimo cha kamba kikaishika IgE hiyohiyo na kutoa namba kubwa. Mkuu, umewahi kupima utitiri?

#26 Kipimajoto

Nimepima. Uko juu pia. Na asubuhi napiga chafya mfululizo.

#27 Chafya

Karibu kwenye chama.

#28 Mbishi_Halali

Hata kama IgE ni ya utitiri, si inashika kamba? Kama inashika kwenye kipimo, kwa nini isishike mdomoni? Maelezo ya Vumbi_Jeupe yanaeleza namba imetoka wapi, hayaelezi kwa nini seli imenyamaza.

#29 Vumbi_Jeupe

Inategemea imeshika kwa nguvu gani na imeshika pangapi. IgE ikishika legelege, au ikashika mahali pamoja tu pa protini, kuunganisha vipokezi kunakuwa kwa muda mfupi. Syk hapati nafasi ya kutulia. Rudi kwa Maabara_Usiku #3, amesema lazima ziwe mbili au zaidi.

#30 Maabara_Usiku

Naam. Niongeze tu kwamba kila hatua ya kubandika fosfeti inataka muda. Kichochezi kikiachia mapema, fosfatasi zinafuta kilichoandikwa kabla hakijafika kwenye kalsiamu. Hapo watu wa IgE na watu wa vimeng'enya wote wana sehemu yao.

#31 Usingizi_Mzito

Mimi nesi wa dawa za usingizi. Nyote mnazungumza kana kwamba IgE ni lazima. Kazini tunaona mgonjwa anachomwa dawa ya kulegeza misuli kwa mara ya kwanza maishani, anakuwa mwekundu, presha inashuka. IgE ya dawa hiyo ameipata lini? Vancomycin (antibiotiki) ikisukumwa haraka, uso na shingo vinawaka.

Mwaka 2015 kulichapishwa kazi iliyoonyesha kipokezi kingine kwenye seli za masti, MRGPRX2. Dawa za atracurium, ciprofloxacin na icatibant zinakishika moja kwa moja. Vancomycin nayo ikaja kutajwa humo. Kipokezi hiki hakina mikia ya kubandikwa fosfeti na Lyn, kinapitia protini za G hadi fosfolipasi C ya aina nyingine, kalsiamu inapanda, vifuko vinatoka. Mbishi, bosi wako Syk hakuulizwa mlangoni.

#32 Mbishi_Halali

Nakubali kwa masharti. Swali la uzi ni la kamba, si la atracurium.

#33 Usingizi_Mzito

Mgonjwa akiwa mwekundu mezani hauliziwi uzi ulikuwa wa nini. Tunachomfanyia ni kumtoa damu tupime triptasi. Hiki ni kimeng'enya kilicho ndani ya vifuko vyenyewe. Kwenye damu kinafika kileleni kama saa moja au mbili baada ya tukio, kisha tunarudia baada ya saa 24 au zaidi kupata kiwango chake cha kawaida. Kama cha wakati wa tukio kimezidi cha kawaida kwa asilimia 20 na kuongeza nanogramu 2 kwa mililita, seli za masti zilimwaga. Wengine wamezaliwa na nakala za ziada za TPSAB1, jeni la triptasi, triptasi yao iko juu siku zote, wanakadiriwa kuwa kama mtu mmoja kati ya ishirini. Ukipima mara moja tu utamsingizia.

#34 BintiPumu

Swali kwa wote. Kama tunawajua Syk na wenzake kwa majina, kwa nini hakuna kidonge cha kuwazima tukapumzika?

#35 Kijiji_cha_Protini

Vipo, dada, ila wamo mwili mzima. Syk anafanya kazi kwenye seli B na kwenye makrofaji pia. Kizuizi chake, fostamatinib, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na si kwa mzio: ni kwa watu ambao mwili wao unaharibu chembe sahani za damu. Kinapandisha presha na kuharisha ni kawaida.

BTK, kinasi mwingine, ndiye amekuwa na bahati zaidi. Yuko kwenye kundi lile la LAT, anamsaidia fosfolipasi C gamma. Watafiti waliwapa watu wazima wachache wenye mzio wa karanga acalabrutinib, dawa ya saratani ya damu, kwa siku chache, na kiasi cha karanga walichoweza kuvumilia kikapanda kwa kishindo. Na remibrutinib, kizuizi kingine cha BTK, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa Septemba 2025 kwa mabaka sugu yasiyo na sababu inayojulikana. Lakini kumbuka wavulana wanaozaliwa bila BTK, hali aliyoielezea Bruton mwaka 1952 kabla hata kimeng'enya chenyewe hakijajulikana: hawatengenezi kingamwili, maambukizi hayaishi. Kumbana kidogo ni tiba, kumfuta ni ugonjwa.

Kwa ukurutu wanatumia vizuizi vya JAK (kinasi wengine), lakini hiyo ni njia ya ishara za IL-4 na IL-13, si ya kumwaga vifuko.

#36 Mkimbiaji_wa_Alfajiri

Mnisamehe natoka nje kidogo. Mimi nikila mkate nikakaa, hakuna kitu. Nikila nikaenda kukimbia, mabaka mwili mzima na kichwa kinakuwa chepesi. IgE ni ileile, Syk ni yuleyule. Kinachobadilika ni viatu tu.

#37 Dokta_wa_Zamu

Mkimbiaji, hali yako inajulikana na si ya kuchezea. Mhusika mara nyingi ni omega-5 gliadini ya ngano. Wengine wanasema mazoezi yanaongeza upenyaji wa utumbo, protini nyingi zaidi inaingia. Wengine wanamtaja kimeng'enya cha transglutaminasi kwenye tishu, kwamba kinaunganisha vipande vya gliadini vikawa vikubwa, vyenye uwezo wa kuunganisha IgE nyingi kwa pamoja. Aspirini nayo inaweza kuchukua nafasi ya kukimbia. Usikimbie peke yako, usikimbie baada ya ngano, na uandikiwe adrenalini ya kutembea nayo.

#38 Mkimbiaji_wa_Alfajiri

Nimeelewa dokta. Barikiwa.

#39 Kipimajoto

Nimewasoma wote. Sasa mimi nifanye nini? Kuna kipimo cha kuona seli zangu zinafanya nini, badala ya kuhesabu IgE?

#40 Maabara_Usiku

Kipo, kinaitwa kipimo cha kuamsha basofili. Damu mbichi inachanganywa na dondoo ya kamba, halafu mashine inahesabu basofili ngapi zimetoa alama ya CD63 juu ya utando. Alama hiyo hukaa kwenye utando wa vifuko, ikionekana nje ujue vifuko vimefunguka. Si kila maabara inacho, na damu haitakiwi kulala muda mrefu.

Kinachochekesha ni hiki: ukiwa miongoni mwa wasiomwaga wa #12, kipimo kinarudi hakina jibu. Basofili zimenyamaza kwa kila kitu kinachopitia IgE, huwezi kusema ni kwa sababu huna mzio au kwa sababu hazina Syk.

#41 Dokta_wa_Zamu

Jibu la mwisho la kitabibu bado ni kulishwa kichochezi hatua kwa hatua chini ya uangalizi, sindano ya adrenalini ikiwa pembeni. Kwako wewe unayekula bila shida huenda hata hilo lisihitajike, historia yako tayari inasema mengi kuliko karatasi. Peleka swali kwa daktari atakayekuuliza unakula nini. Mdogo wako ndiye asijaribu kitu nyumbani, hata kama namba yake ni ndogo. Namba inakadiria uwezekano wa kudhurika, haitabiri ukali.

#42 Kipimajoto

Nitakitafuta hicho kipimo cha basofili hata hivyo. Nataka kujua.

#43 Maabara_Usiku

Basi ukipata majibu usilete namba ya kamba peke yake. Uliza waliweka nini kwenye chupa za kulinganishia. Huwa kuna moja ya kingamwili dhidi ya IgE, inayolazimisha vipokezi viungane, na nyingine ya fMLP, inayoamsha basofili bila kupitia IgE wala Syk. Kama fMLP imewasha na ile ya IgE haikuwasha, Mbishi atakuwa na la kusema.

#44 Mbishi_Halali

Na zikiwaka zote mbili, kamba ikanyamaza?

#45 Vumbi_Jeupe

Waongeze chupa ya utitiri.

#46 Kijiji_cha_Protini

Na wapime IgG4 kwenye majimaji ya damu hiyohiyo.